Kiti cha Viola

Mtakataa, najua. Lakini mimi nilikuwepo na simu ni yangu: mwezi wa tano mwaka huu, babu yangu Vinko, aliyefariki Januari, alipiga muziki ukumbini kwetu, na bibi akamjibu mbele ya watu wote.

Ngoja niende taratibu. Mji wetu una tamasha kila theluji ikishayeyuka, la muziki wa watu watatu, wanne, wamekaa tu kwenye viti. Wapigaji wanatoka Ljubljana, wengine Vienna, lakini Jumapili ya kufunga ni ya wazee wetu wanne. Fidla mbili, selo, na babu kwenye viola, ile dada ya fidla yenye sauti nene kidogo. Wenzake walimtania tangu ujana kwamba viola ni kitunguu kwenye mchuzi, hakuna anayekisifia. Babu anawajibu, "Kitoeni basi, tuone mtakula nini."

Wakimaliza wote wanakuja kwetu. Wanakula potica ya bibi, ule mkate wa kukunja wenye jozi ndani, wanagombana nani alikimbiza wimbo, midomo imejaa. Dirisha liko wazi, maua ya lilaki yananukia mpaka mezani. Utotoni nilidhani kila nyumba ina Jumapili kama hiyo.

Babu alipoondoka, bibi Zdenka akafungia viola kabatini. Redio ikipiga fidla, anazima. Alisema akiisikia tena sauti ile atavunjika, na hakuna wa kumwokota.

Sasa mzee Radko wa fidla ya kwanza akanifuata. Hawakutaka mpigaji mwingine. Akaniuliza, mimi ninayerekodi mpaka paka akilala, sina kitu cha babu? Ninacho, kimoja tu: babu jikoni, anajifunza upya ile sehemu ya polepole wanayofungia kila mwaka. Nikamwambia kinakatika kabla ya mwisho. Akasema nao wataishia hapo hapo. Nikamuuliza, na bibi? Radko akaenda kumwambia tu, "Shemeji, njoo. Mwaka huu hakuna viola, kuna kiti." Bibi akakubali, bila kujua habari ya simu. Mimi wiki nzima nakula chakula chake, siwezi kumtazama usoni.

Siku ikafika. Simu yangu ikawekwa kwenye kiti cha babu na kispika kidogo. Nikabonyeza, nikakimbia kukaa na bibi.

Viola ikaanza. Wazee watatu wakaingia mmoja mmoja, wanamfuata kama zamani. Nyuma ya muziki unasikia kabisa mabakuli yanapangwa mezani. Bibi akanishika mkono, kucha zikazama. Sikuthubutu kugeuka.

Halafu ikafika pale. Sauti ya bibi mwenyewe, inatoka kwenye kiti: "Vinko, acha hiyo, supu inapoa."

Viola ikanyamaza. Wazee wakashusha pinde zao.

Bibi akasema, wala hakupaza sauti, "Endelea tu, Vinko. Supu nitapasha."

Radko akawatazama wenzake. Wakanyanyua pinde, wakaendelea mpaka mwisho, watatu, na pale katikati pa babu pako wazi. Jamani, kila mtu alipasikia.

Nyumbani bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Januari. Alitusimulia babu alivyokuja kumposa amebeba viola badala ya maua, baba yake bibi akadhani anauza. Wazee walipoondoka, akanigeukia, akasema, "Ifute."

Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo tu iliyobaki. Halafu watu wa tamasha wameshanipigia, wanaitaka kwenye video yao ya mambo mazuri ya mwaka huu.

"Tinkara, mjukuu wangu," akasema, "leo nimemwacha amalize. Ukiipiga tena, nitakuwa namwita mezani, na hatakuja."

Akarudi kuosha sahani, mgongo kwangu, anasubiri. Mimi nimekaa, kidole kiko juu ya kioo cha simu. Ungekuwa wewe, ungefuta?