Diski Iliyovishwa Sweta

Kazini alikuwa mpima macho, mtu wa kuwaambia watu wazima na heshima zao kwamba hawaoni, tena bila kupepesa. Lakini nyumbani, tangu mama mkwe aje kukaa nao, ulimi wake ulikwenda likizo. Akiambiwa hiki, "Sawa, Mama." Akiambiwa kile, "Sawa, Mama." Mwanamume mzima alitembea sebuleni kwake kama aliyebeba trei ya mayai. Na yote hayo kwa jambo moja tu: alitamani siku moja yule mama aache kumwita "Mkwe" kwa ile sauti ya kumwita mtu wa bima, amhesabu mtoto wa nyumba.

Nafasi ikaja yenyewe. Mama mkwe alikuwa na video ya harusi ya binti yake mkubwa, ambamo marehemu mumewe anaonekana akicheza muziki. Mzee yule, maisha yake yote, hakucheza ila siku hiyo. Mkwe akaihamishia video kwenye diski ya nje, akaichomeka diski kwa waya wa USB kwenye kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili, kinachokaa kwenye rafu chini ya televisheni na kugawa picha na nyimbo kwa vifaa vyote vya nyumba.

"Mama, sasa utamwona Mzee wakati wowote," akasema. "Ni kubonyeza rimoti tu."

Mama naye si mtu wa kupokea bila kutoa. Akatoa sindano yake, akaifumia ile diski nguo ya sufu nzito, rangi ya samawati, yenye vifungo viwili, imeikaa barabara kama soksi. "Isiingie vumbi," akasema. "Hii ni yako, Mkwe." Tangu amuoe binti yake, hakuwahi kupewa na mama huyo hata leso. Siku hiyo alikwenda kazini akipiga mbinja.

Jioni wakakaa kutazama. Bibi harusi akaingia, keki ikakatwa, wajomba wakahutubia mpaka watu wakasinzia. Hatimaye Mzee akavua koti, akafuta jasho, akaanza kuinuka kitini. Picha ikaganda. Maandishi yakatokea: kifaa hakipatikani. Mzee akabaki vile vile, kati ya kiti na sakafu, makalio hewani.

Mama mkwe akamtazama Mzee kwenye kioo. "Hata alipokuwa hai, kuinuka kulikuwa kazi," akasema, akaenda kulala. Lakini Mkwe aliona alivyokunja leso yake taratibu, na moyo ukamuuma.

Basi akaanza kuitafuta hitilafu kama anavyopima macho: badilisha kimoja, uliza, badilisha kingine. Akabadilisha waya. Mzee akaganda. Akahamisha diski tundu jingine. Mzee akaganda. Akazima kisanduku, akakiwasha. Diski ikaonekana vizuri, harusi ikaenda, na pale pale Mzee alipoinua makalio, kwisha habari. Muuza vifaa akamwambia umeme hauitoshi diski, akamuuzia kigawanyaji cha USB chenye waya wake wa umeme. Kilichobadilika ni unene wa pochi.

Mwishowe akaivua diski sweta lake, akalikunja kwa adabu, akaichomeka kwenye laptopu yake juu ya meza ya chakula. Mzee alicheza mchana kutwa bila kujikwaa. Kumbe diski ni nzima! Mkwe akairudisha rafuni kwa shangwe, akaivisha, akafunga vifungo vyote viwili, akapuliza na manyoya yaliyoshika. Jioni Mzee akaganda.

"Mwonee huruma baba yangu," mkewe akasema. "Mgongo utamuuma."

Mkwe akapiga magoti, akapenyeza mkono rafuni kuchomoa waya, akaurudisha upesi akipuliza vidole. Diski ilikuwa ya moto kama pasi. Hapo ndipo akili ilipomrudi. Sweta! Ndani ya sufu ile diski ilipata joto hadi ikajizima, na kila alipoitibu, tabibu huyu huyu ndiye aliyeifunga vifungo.

Mtu mwingine angesema, yakaisha. "Mwambie tu," mkewe akamnong'oneza jikoni. "Mama hana neno."

"Hana neno kwako. Amekuzaa. Mimi nikisema, nimekashifu zawadi. Nitakuwa mkwe mpaka nife."

Akapekua stoo, akapata boksi la sabuni ya kufulia lenye kimo kile kile. Akalivisha sweta, akaliweka rafuni mahali pa heshima. Diski akaificha nyuma ya televisheni, tupu kama ilivyozaliwa, ikipigwa na hewa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake aliiona pana kabisa.

Jumapili wakakaa tena. Keki ikakatwa, wajomba wakahutubia, Mzee akavua koti. Akainuka. Akasimama. Akacheza, na alicheza vibaya, jamani, kama mtu anayefukuza kuku kwenye chumba kidogo. Mama mkwe alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea peke yake, naye akaacha yatiririke. Mkwe alitazama pembeni.

"Ngoja nikifute vumbi hiki kifaa," mama akasema. "Kimenitendea wema."

Kabla Mkwe hajainuka, mama alishakishika. Akakipima mkononi. Chepesi. Akakitikisa. Akakinusa. Akafungua vifungo.

"Mkwe," akasema polepole, "mume wangu anatoka kwenye sabuni?"

Mkewe akakimbilia jikoni, na kicheko chake kikasikika mpaka sebuleni. Mkwe akaeleza yote: joto, sufu, boksi, diski nyuma ya televisheni. Alieleza akiangalia vidole vya miguu yake.

"Ulijua lini?"

"Katikati ya wiki, Mama."

"Na ukanyamaza, ukaivisha sabuni sweta." Mama akaketi. "Huyo anayecheka jikoni nilimfumia shali, akanirudishia siku ile ile, ati linamwasha. Dada yake vivyo hivyo. Watoto wangu wote hunirudishia vitu na maneno juu. Wewe tu hurudishi kitu. Sawa Mama, Sawa Mama. Nikasema, huyu amejiweka mgeni, na mgeni humlazimishi. Sasa ulitaka nikuite nani?"

Ilimchoma. Miaka yote alidhani anagonga mlango kwa upole, kumbe alikuwa anaushikilia ufungwe.

"Haya," mama akasema. "Niambie lingine ulilolimeza."

Mkewe, mlangoni mwa jikoni, akamtikisia kichwa kwa nguvu zote. Mkwe akamwona, akavuta pumzi.

"Chai yako, Mama. Sukari imezidi. Tangu siku ya kwanza."

Mama mkwe akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele ya Mkwe, akakinywa chote mwenyewe, akakitua mezani.

"Hilo, mwanangu," akasema, "ungelimeza tu."