Joho Lililokataliwa Mara Mbili

Kosa langu mimi Gergely, mchunga kondoo, lilikuwa kupenda sifa. Bwana Szilvási, mkuu wa waigizaji waliotoka mji mkubwa wa Pest, aliliona sokoni joho langu la sufu lenye maua mekundu mgongoni, akanivika kilemba cha ukoka.

"Ndugu yangu, joho kama hili Pest hakuna! Niazime. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya taifa."

Taifa! Wiki moja tu nyuma mabwana wa mji walinifukuza mgahawani kwa joho hilohilo, eti linanuka kondoo. Nikalitoa.

Jumamosi mji mzima ulijazana ghalani kutazama mchezo. Mchunga kondoo wa jukwaani aliliacha joho langu kwa kina binti, kama wafanyavyo wachumba wote kwetu. Ukiondoka bila joho, umeposa. Asubuhi ukilikuta limetundikwa barazani, umekataliwa, na huulizi kitu. Basi binti akalitundika nje. Mabwana walewale wa mgahawani wakatoa leso.

"Huyo ndiye Mhungari halisi!" mmoja akapaza sauti huku analia.

Majirani zangu, wao walicheka. "Pole, Gergely! Umetolewa nje!"

Nilicheka nao. Joho lile nilikuwa nimepanga kulipeleka kesho yake kwa kina Terka, niliyempenda tangu mavuno ya mwaka juzi.

Nilirudishiwa usiku uleule, na Jumapili nikalipeleka hivyohivyo, nikaliacha. Mama yake alilitazama kama mtu aliyeletewa mkate uliokwisha kung'atwa.

Jumatatu asubuhi baraza lao lilikuwa tupu. Tupu kabisa! Niliingia bila hata kubisha hodi.

"Umeamkaje, mama mkwe?"

"Mama mkwe wa nani? Joho tumelitundika nje alfajiri. Yule bwana wa maigizo kapita, kalibeba. Eti leo wanacheza tena."

"Mmenikataa kwa nini, mama?"

"Limekataliwa mbele ya mji mzima, ndiyo utuletee sisi? Mwanangu si jalala!"

"Jamani, ule si mchezo tu?"

"Mchezo gani watu wazima wanalia?"

Nilimtazama Terka. Alikuwa anakanda unga, hakuinua uso.

"Nimelitundika mwenyewe," alisema. "Usinilaumu, Gergely. Watu wangesema nimeokota."

Jioni nilirudi ghalani. Sijui nilifuata nini, labda joho langu. Terka alikuwa amekaa benchi la mbele yangu, na mama yake kando. Binti wa jukwaani alipolitundika joho nje, watu walianza kulia. Terka akageuka, macho yamemvimba, akanishika mkono.

"Gergely, yule binti ana moyo wa namna gani? Joho zuri vile!"

Watu wakaanza kupiga makofi, nami nikapiga pamoja nao.