Kadi Arobaini Bila Mama

Tekla ana watu wengi wa kuwashukuru hapa kisiwani Mafia, lakini wa kwanza ni mwanamke aliyemwambia kweupe kwamba hajui kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika stori. Si za kubuni, hapana. Kabla mafundi wa programu hawajaanza kutengeneza kitu, lazima mtu awaandikie kwa sentensi moja moja: nani atakitumia, anataka nini, na kwa nini. Kila sentensi na kadi yake. Tekla, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bukoba mwenye stashahada ya kompyuta, aliletwa Kilindoni na mradi mmoja kuandika kadi za mfumo wa kuwaita wajawazito kliniki. Aliandika arobaini kwa siku nne, ofisini, feni ikimpuliza. Ya kwanza aliipenda kuliko zote:

"Mimi mjamzito nataka kupata ujumbe kwenye simu ili nijue lini nirudi kliniki."

Fredy, fundi wa programu aliyekuwa Dar es Salaam, aliisoma akasema, "Dada Tekla, hii imenyooka kama rula." Majaribio ya mfumo yalipoanza, Tekla akamwambia muuguzi wa kliniki ya hospitali, Sista Matilda, "Usihangaike tena kupiga simu. Mfumo utawaita."

Jumatano ya wiki ya pili, saa tatu asubuhi, Matilda aliingia ofisini na daftari mkononi.

"Zuena yuko wapi?"

"Zuena yupi?"

"Wa Kiegeani. Mimba ya kwanza, miezi minane. Juzi alipimwa, presha ikawa inapanda panda. Ameshaondoka ndiyo majibu ya mkojo yanatoka, mabaya. Nikabonyeza kwenye mfumo wako aitwe. Jana hakuja. Leo hajaja."

Tekla alifungua kompyuta. Pembeni mwa jina la Zuena palikuwa na alama ya kijani. "Ujumbe umefika tangu juzi jioni."

"Ujumbe umefika, Zuena hajafika," Matilda alisema. "Akishikwa na kifafa cha mimba huko aliko tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Hicho kijani chako nitakifanyia nini?"

Tekla alipiga mara tatu namba ya Zuena iliyokuwa kwenye mfumo, haikupatikana. Akachukua pikipiki mpaka Kiegeani.

Mama mkwe wa Zuena, Bi Mwanamkuu, alikuwa uani akianika muhogo. Walipokwisha kuamkiana Tekla akamuulizia mkwewe.

"Zuena hayupo. Juzi alipotoka kliniki alipitiliza kwao Chole."

"Kwao kufanya nini?"

Bi Mwanamkuu alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini samaki anakaa majini. "Mimba ya kwanza, mwanangu. Anazalia kwa mama yake. Kwenu wanazalia wapi?"

"Na simu yake?"

"Hana simu, anatumia ya mumewe. Na Taufiki yuko dago, huko wanakolala siku kumi wakivua. Chaji ikiisha, imeisha. Ngoja nimtafute kwa mwenzake."

Alipiga, akasubiri, akaomba aitiwe mwanawe, kisha akampa Tekla simu.

"Ujumbe niliuona," Taufiki alisema, sauti ikikatika katika. "Umeandikwa, 'Mpendwa mjamzito, unakumbushwa kurudi kliniki.' Jamaa huku wananicheka mpaka leo, wananiuliza mimi nina miezi mingapi. Nikajua ni matangazo tu ya afya. Kwani Zuena ana nini?"

Tekla akamweleza.

"Dada," Taufiki alisema, "nakuomba uwahi. Mimi niko mbali."

Akaenda Utende mbio, akavuka kwa boti mpaka kisiwa cha Chole. Njia nzima hakuwaza kadi. Aliwaza binti wa watu.

Alimkuta Zuena amekaa mkekani, miguu imevimba, kiganja kimeziba macho. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu jana na mwanga ulikuwa ukimchoma. Mama yake, Bi Mwanahalima, alikuwa akimkanda miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

Tekla alisema yote kwa pumzi moja. Bi Mwanahalima hakuuliza la pili. Alichukua kanga mbili na kadi ya kliniki, simu yake ndogo akaifunga kwenye pindo, akamwinua binti yake. "Twende. Maneno utayasema botini."

Na botini akayadai.

"Haya. Mlimwita kwa simu ya nani?"

"Iliyoandikishwa kliniki, mama. Ya mumewe."

"Taufiki ndiye mwenye mimba?"

"Hapana, mama."

"Mimi nina simu. Hii hapa, haizimwi usiku wala mchana. Mbona hukuniita mimi?"

"Wewe... hukuwemo kwenye kadi."

"Kadi gani?"

Tekla akamsomea ile kadi ya kwanza, iliyonyooka kama rula. Hata Zuena alifumbua jicho moja kusikiliza.

"Huyo mjamzito wako," Bi Mwanahalima alisema, "hana mama? Hana mkwe? Ameanguka na mvua? Mtoto wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, unamwachia ajisomee mwenyewe, ajipeleke mwenyewe! Ulimuuliza nani kabla hujaandika?"

Tekla angeweza kutaja vikao. Alisema kweli. "Sikumuuliza mtu."

"Basi umesoma, mwanangu, lakini kazi hii huijui."

Nahodha alijifanya anatazama maji.

Walipofika hospitali Kilindoni, Matilda, ambaye Tekla alimpigia simu kabla ya kupanda boti, alikuwa amekwisha kuandaa kitanda. Alimpima Zuena, akamwita daktari, sindano ikachomwa hapo hapo. Alipotoka nje alijifuta jasho kwa mkono. "Mmemuwahi," alisema. "Kesho nisingeahidi kitu." Tekla aliketi kwenye benchi.

Ijumaa madaktari waliamua mtoto atolewe. Akazaliwa wa kike, kilo mbili kasoro, sauti kubwa kuliko mwili. Zuena alifungua macho mawili, akaomba uji. Bi Mwanahalima alisema alhamdulillahi mara nyingi hata ikawa kama anapumua nayo. Tekla, ambaye ni Mkristo, aliisema pia.

Siku zile za kungoja Zuena aruhusiwe kutoka hospitali ndipo Bi Mwanahalima alipodai kuziona kadi zote. Tekla alizileta. Arobaini, na mama hakuwemo hata kwenye moja. Tekla mwenyewe alipojifungua mara ya kwanza, mama yake alitoka Bukoba mpaka Dar es Salaam kwa basi, mkungu wa ndizi miguuni, akakaa naye miezi miwili. Bila yule mama asingejua hata kumshika mtoto. Na alipokaa kuandika alimsahau, kama vile wanawake huzaa ofisini.

"Hii nani anaitaka?" Bi Mwanahalima aliuliza, ameshika kadi iliyosema mjamzito anataka kujaza fomu ya maoni kila wiki.

"Mkubwa wa mradi."

"Basi mwandike yeye. Usimsingizie mjamzito."

Kadi kumi na moja zilikufa hivyo. Ya kwanza iliandikwa upya, Bi Mwanahalima akisema, Tekla akiandika:

"Mimi mama wa mjamzito, anayekaa kwangu mpaka ajifungue, nataka niitwe mimi, nitajiwe jina la binti yangu na sababu ya kuitwa, ili nimpeleke siku hiyo hiyo."

"Na tutajuaje kwamba imefanya kazi?" Tekla aliuliza, maana kila kadi lazima iwe na kipimo chake.

"Usitazame rangi. Tazama kitanda. Binti yupo au hayupo?"

Tekla akaandika hivyo hivyo.

Fredy alipiga simu kulalamika. "Dada, hii ndefu. Na mtumiaji ni nani sasa, mama au mjamzito?"

"Yule atakayemleta. Kliniki watamuuliza mjamzito kila anapokuja: utazalia wapi, nani atakuleta, namba yake ipi."

"Hiyo ni wiki mbili zaidi."

"Ziwe. Mpaka hapo Matilda anapiga simu, na mimi napiga pamoja naye."

Wiki mbili zikawa tatu. Asubuhi moja Bi Mwanahalima akampigia Tekla simu.

"Wewe Tekla! Nimeitwa. Zuena arudi hospitali leo, majibu ya mkojo. Zuena huyu hapa ananyonyesha, mnamtaka tena wa nini?"

"Ni majaribio, mama! Tulitaka kuona kama unafikiwa. Nisamehe, nilipaswa kukwambia kwanza."

"Nimefikiwa. Nimeshavaa buibui na kiatu kimoja."

Tekla alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. "Ahsante, mama. Kwa siku ile botini. Ningeendelea kuandika ujinga."

"Ungeendelea," Bi Mwanahalima alikubali. "Lakini mimi sikujua kitu, nilikuwa nakanda miguu tu. Aliyeona binti yangu hayupo ni yule sista. Umemshukuru?"

"Bado, mama."

"Nilijua. Nenda sasa hivi, mimi navua kiatu."

Tekla aliacha kompyuta wazi, akavuka uwanja kwenda kliniki kumtafuta Matilda.