Sajini Hamtaki Mama

Jana usingizi uliponichukua tu, nikaota niko getini kwetu, nimembeba mtoto, namfungulia mama yangu. Ufunguo anao jogoo.

Nilikwenda kulala na hasira, kwa hiyo hata ndotoni niliingia nazo. Nimejifungua juzijuzi, na kwetu Muheza mzazi hukandwa na mama yake, hasa kama mama mwenyewe yu hai na ana nguvu za kuinua sufuria la maji ya moto. Mama alikuja na majani yake ya kukandia, mafuta ya nazi na unga wa uji. Alipofungua geti, Sajini akamrukia na kumchana miguu. Sajini ni jogoo wa kuchi, mbegu ya kupigana, ambaye mume wangu, Singano, alimleta alinde nyumba baada ya mbwa wetu kulishwa sumu; hata mimi nikitoka uani hunirukia. Mama akaondoka anachechemea, akaenda kulala kwa mama mdogo mtaa wa nyuma. Nikamwambia Singano amfungie ndege wake bandani. Akanijibu, "Mlinzi akifungiwa atalinda nini? Jogoo anafanya kazi yake, Mwanjaa." Nikajikanda mwenyewe, tumbo linauma, chozi linanitoka.

Basi ndotoni Sajini amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa sare ya askari iliyopigwa pasi, shingo ndefu imetokeza kwenye kola. Nje ya geti namwona mama na kifurushi chake kichwani.

"Fungua," nikamwambia.

"Unamfungulia nani?"

"Mama yangu."

"Simjui."

"Ulimdonoa jana!"

"Nilimdonoa kwa kuwa simjui," akasema Sajini kwa upole. "Ningemjua nisingemdonoa."

Akatoa uzi mfukoni, akapitisha kichwa kwenye vyuma vya geti, akamfunga mama mguuni. Nikauliza anafanya nini. Akanitazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akanitazama kwa jicho la pili.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali yenu hiyo, siyo yetu."

"Mama yangu si kuku!"

"Ndiyo maana nimemfunga uzi. Kuku ningemfunga kamba."

Mama hakugombana naye. Alisimama kwa mguu mmoja, kama kuku aliyefungwa kweli, akanipungia mkono. Hilo liliniuma kuliko yote.

Mara anakuja mwanamume mwenye suruali ya kijivu. Namjua. Ndiye aliyetuchukulia mtungi wa gesi wiki iliyopita, mchana kweupe, nikiwa nimelala na uchungu. Anasema, "Habari za kazi, afande." Sajini anasimama, anapiga saluti, anafungua geti. Jamaa anaingia jikoni, anatoka na jiko, meza, na dirisha la jikoni likiwa na pazia lake. Sajini anamfungulia tena na kumwambia aangalie asijikwae.

"Huyo ni mwizi!" nilipiga kelele.

"Amevaa suruali," akasema Sajini.

"Kwa hiyo?"

"Suruali hupita."

Nilitukana. Nilitukana matusi ambayo mzazi hapaswi kuyatamka, na mtoto mgongoni akaniambia, "Endelea, mama, mimi sisikii vizuri bado."

Nikasema nataka mkubwa wake. Papo hapo geti likawa meza ya ofisi, na nyuma ya meza ameketi mtetea mnene anayeatamia mayai, miwani imemshuka mdomoni. Juu ya ukuta kumeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mama bado yuko nje ya dirisha, uzi mguuni, kifurushi kichwani.

"Wewe ndiye mwenyeji?" akaniuliza mtetea.

"Ndiyo."

"Umepona?"

"Sijapona. Nitaponaje, na aliyekuja kunikanda mmemzuia nje?"

"Sawasawa," akasema, akamgeukia Sajini. "Utaratibu unafuatwa. Mgeni hajaingia, mwenyeji hajapona."

Walipongezana. Mimi nilisimama pale tumbo linanivuta, na hao wawili wanapeana hongera. Nikapiga meza kwa ngumi, yai moja likaanguka. Halikupasuka. Likasema, "Ongea, dada, usiogope," likabingirika kurudi mahali pake.

"Nataka kujua," nikasema, "huyu jogoo amefundishwa na nani kuwapiga wanawake na kuwapigia saluti wezi?"

Mtetea akavua miwani. Hilo swali alikuwa hajawahi kuulizwa. Akamwambia Sajini aeleze.

Sajini akajikohoza. "Nilipoletwa nilikuwa kijogoo tu, sina ubaya na mtu. Bwana Singano akanilisha pilipili kichaa ili niwe mkali. Sikukataa. Kisha kila asubuhi akawa ananichapa kwa nguo, ananipungia usoni mpaka nirushe mateke, akisema, 'Huyu ni adui, piga!' Nikapiga. Nikajifunza."

"Nguo gani?"

"Kanga. Nyekundu, imeandikwa MLANGO WA MZAZI HAUNA KOMEO. Mimi sijui kusoma, nasomewa."

Kanga ile naijua. Mama alinipa siku ninaolewa. Ilikuwa imepotea kabatini tangu mvua za masika, na nilipoiulizia Singano alisema labda panya.

"Kwa hiyo mimi sijui sura," akaendelea Sajini. "Najua adui yangu. Adui amevaa kanga. Bwana mwenyewe huja na suruali, na hunipa mtama."

Nilihisi hasira zinatoka kwa jogoo, zinavuka meza, zinamtafuta mwenyewe. Mwenyewe akaletwa. Vifaranga wamekibeba kabisa kitanda chetu, na Singano amelala juu yake anakoroma. Wakamtua mbele ya meza.

"Singano!" nikamwita. "Kwa nini ulitumia kanga ya mama?"

Akajibu bila kufumbua macho. "Ndiyo iliyokuwa karibu."

"Shati lako halikuwa karibu?"

"Shati lingechanika."

Wallahi, hata mayai yaliguna.

"Mama mkuu," nikamwambia mtetea, "sheria yenu inasemaje, neno kwa neno?"

"Mwenye kanga adonolewe."

"Imesema mwanamke?"

Akainamisha shingo, akafikiri. "Haikusema."

Sajini akaitoa kanga ndani ya sare yake, imekunjwa vizuri, akanikabidhi kwa mabawa yote mawili. Nikamfunga nayo Singano kiunoni, mafundo mawili, nikayavuta kwa nguvu zote za mtu aliyezaa. Sajini akamtazama kwa jicho moja. Akamtazama kwa jicho la pili. Nikaona uso wake umejaa huzuni, maana mtama wa kesho alijua haupo.

"Kazi ni kazi, bwana," akasema, akavua kofia, akaruka.

Singano anaamka anakimbia. Kitanda nacho kinamkimbilia. Ofisi inakuwa uwanja wetu, uwanja unakuwa shamba la michungwa, na Sajini yuko nyuma yake anapiga mapaja, goti, muundi. Singano anapiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi!" Sajini anajibu kwa heshima, "Sikujui."

Getini hakuna mtu. Mama akaukata uzi kwa meno, akaingia kwake, maana kwa mwanawe ni kwake. Akaniambia, "Lala, mwanangu." Nikalala. Maji yakachemka bila moto. Akachovya kitambaa, akakikamua, akakiweka tumboni kwangu, na joto likaniingia mpaka mgongoni. Ndipo nikaamka.

Kumekucha. Mtoto anagumia ubavuni kwangu. Singano amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali ameishika mkononi, haivai. Anatazama miguu yake.

"Mwanjaa, hebu angalia. Kitu gani hiki?"

Nikaangalia. Mapajani na miundini alikuwa na vidonda vidogo vilivyotoboka, vimezungukwa na wekundu, kimoja bado kinavuja damu.

"Mbu," nikasema.

"Mbu gani huyo? Suruali haivaliki. Nipe kitu chepesi nijifunge."

Nikamrushia kanga yangu iliyokuwa juu ya neti. Akajifunga, akashukuru. Wakati huohuo nikasikia geti linagongwa, na sauti ya mama, imejaa woga, inaita, "Hodi! Hodi wenyewe! Huyo ndege yuko wapi?"

Sajini akawika uani.

Nikajikaza nikakaa, nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo.

"Karibu, mama! Subiri hapohapo, mkweo anakuja kukufungulia."