Nywila Ndefu za Ofisi ya Ardhi

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla dirisha la wateja halijafunguliwa, fundi wa kompyuta alizunguka ofisi ya ardhi akibandua vikaratasi vilivyogandishwa chini ya kibodi. Vilikuwa na nywila za wafanyakazi, nyingi zikiwa siku za kuzaliwa za watoto wao. Alivichana vyote, kisha akaweka kwenye kila mashine programu ya kutunza nywila.

"Ni ya bure," alimwambia karani wa masjala, mama aliyekaa kwenye dirisha lile miaka kumi na tisa. "Msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Iwe simu, iwe kompyuta, ya aina yoyote, inakubali. Inakutungia nywila na kukutunzia. Wewe kariri moja tu, ya kuifungulia."

"Na nikisahau?"

"Usisahau, dada."

Programu ilitunga nywila kwa kuunganisha maneno ya kawaida. Karani alipata ngazi-pilipili-mluzi-kofia. Mwezi uliofuata, ulipofika wakati wa kubadilisha, mara moja kwa mwaka, akapata ulipiga-muhuri-huku-unajua. Alihesabu maneno, akaona yametimia, akaanza kuitumia.

Mkuu wa ofisi, ambaye wateja walimwita Mzee Kesho kwa sababu ndilo jibu alilowapa, alikuwa amesahau miwani nyumbani. Alimwita karani amsomee yake. Karani akasoma: "Marehemu alitia saini siku tisa baada ya mazishi."

"Kuna vistari katikati?"

"Vipo, mkuu."

Habari yenyewe haikuwa ngeni kwao. Mwaka uliopita shamba la bondeni lilihama kutoka kwa seremala mmoja kwenda kwa mdogo wake Mzee Kesho, kwa hati iliyotiwa saini na seremala, ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa. Karani alijua, maana hata mazishini alikwenda. Alipiga muhuri, akaandika jina lake chini. Tangu hapo mjane wa seremala alikuja kila Jumanne na kukaa kwenye benchi la mbele.

Mzee Kesho aliomba nywila nyingine. Programu ikampa shamba-la-seremala-analima-mdogo-wako-na-wewe-unakula-mahindi-yake. Akaomba ya tatu, nayo ilitaja rangi ya kalamu iliyotia saini ile. Alijaribu kwenye simu yake, kwenye kompyuta ya nyumbani, hatimaye kwenye tableti ya mkewe. Kote maneno yalikuwa yale yale. Mkewe alisoma kioo, akairudisha tableti mezani, akaendelea kumenya viazi.

Fundi alikaa siku tatu akisoma msimbo wa programu, mstari kwa mstari.

"Hamna kitu, mkuu. Hii haina siri, ndiyo sifa yake."

Aliwaandikia walioitengeneza. Walimshukuru, wakasema wamechunguza na kuona maneno yanachaguliwa kama inavyotakiwa, wakalifunga suala.

"Basi iondoe."

"Makao makuu wameshaipitisha."

Mzee Kesho akarudi kwenye ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fupi.

Jumanne iliyofuata karani alimwita mjane dirishani kabla ya zamu yake. "Shangazi, sogea kidogo." Akamsomea nywila ya mkuu kwa sauti ya chini, kisha ya kwake.

Mjane aliomba arudie, akarudia.

"Ni kweli," mjane akasema. "Siku ya tisa wageni walikuwa bado wanalala sebuleni. Niandikie kwenye karatasi."

Karani alichukua kalamu. Juu ya dirisha palikuwa na tangazo: Nywila haiandikwi popote. Aliitua kalamu.

"Hairuhusiwi, shangazi. Ikariri tu."

"Na wewe utakuja kunishuhudia?"

"Nina watoto wanasoma."

"Na mimi ninao," mjane akasema, bila ukali. Akasimama pale akisogeza midomo mpaka maneno yakamkaa.

Alikwenda mahakamani peke yake, akayasema yote bila kukosea. Hakimu alimsikiliza hadi mwisho. Akaeleza kwamba nywila ni siri ya ofisi, haiwezi kupokelewa kama ushahidi, na kwamba kuijua ni kosa. Kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, alimwonya tu.

Mwisho wa mwaka alikuja mkaguzi wa usalama wa kompyuta. Ilikuwa Jumanne. Mzee Kesho aliandika nywila yake mbele ya mkaguzi bila kusita; vidole vilikwishaizoea, vilikimbia vyenyewe kama vya mtu anayesaini hundi. Mkaguzi alihesabu herufi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema katika ofisi zote alizopita hajaona nywila imara namna hii.

"Hata miaka elfu," akasema kwa sauti ili wengine wajifunze, "hakuna atakayeikisia."

"Mimi ningeikisia hata bila kuambiwa," mjane akasema kutoka kwenye benchi.

Mkaguzi alicheka kwa adabu. Alimuuliza kama ameshahudumiwa. Mjane akasema bado. Mkaguzi akaliandika na hilo, kwenye safu ya maoni, kisha akamkabidhi Mzee Kesho cheti.