Tairi za Kwenda Kithyoko

Rodgers anauza tairi mjini Machakos, na ana tabia moja inayonichosha: hauzi mpaka akuhoji. Nilifika dukani kwake Jumatano mchana nikiwa nimeshaamua. Nilitaka tairi nne za A/T, zile za lami na vumbi pamoja, nifungiwe niondoke. Jumamosi nilikuwa na safari ya Kithyoko, kumwomba mke wangu Nduku anipokee nyumbani nitakapostaafu Desemba. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi, lakini sikuona sababu ya kumwambia mtu aliyeshika spana.

“Mzee, gari yako inatembea lami kiasi gani, na vumbi kiasi gani?” akauliza, akiinama kuitazama Escudo yangu.

“Yote mawili.”

“Hapana, niambie vizuri. Kuna watu wanakuja hapa wanataka zile za meno makubwa za matope, na gari hailali nje ya mji. Zinapiga kelele kwa lami, zinakula mafuta, halafu wanarudi kunilaumu. Sasa wewe wiki yako ikoje?”

Nikamweleza. Asubuhi kiwandani Athi River, jioni kurudi Machakos, lami tupu. Akauliza gari hubeba watu wangapi. Nikasema mmoja. Akauliza kuhusu mizigo. Nikasema thermos ya chai. Alinitazama kidogo, nami nikajifanya naangalia bei ukutani.

“Na vumbi iko wapi?”

“Nyumbani, Kithyoko. Ukiacha lami kuna kilomita tisa. Mawe, miiba, na mto wa mchanga wa kuvuka.”

“Unaenda mara ngapi?”

Mimi, Bartholomew Kimanzi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, nikamkazia macho nikasema, “Kila wikendi.”

Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa sijakanyaga Kithyoko kwa zaidi ya miaka miwili. Tulipomaliza kujenga nyumba kule, Nduku alitangulia kwenda kuishi, tukakubaliana mimi nitakuwa nikienda kila Ijumaa mpaka nitakapostaafu. Nilienda miezi miwili. Kisha siku moja jiwe likapasua tairi, nikaibadilisha juani peke yangu, na Ijumaa iliyofuata nikampigia simu nikamwambia barabara ni mbaya, wacha kwanza nitafute tairi za maana. Akasema sawa. Basi nikawa nimepata dawa. Kiangazi barabara ilikuwa mbaya, mvua ikinyesha ilikuwa mbaya zaidi, na mwishowe hata simu ya kueleza nikaacha kupiga.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu kule nilikohitajika kuusema sikuusema. Haikuwa barabara. Nilikuwa nimeonja kuishi peke yangu na nikakuta ni rahisi. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala kwa nini nimekunja uso. Nilikula nilichotaka, nikalala redio ikiongea. Baadaye urahisi ule ukanigeuka. Nilianza kujikuta nikizungumza na sufuria. Wiki ningeimaliza bila mtu kuniita kwa jina, ila bawabu wa kiwanda, naye hulisoma kwenye kitambulisho. Kufikia hapo nilikuwa na aibu ya kurudi, na kila wiki niliyongoja iliongeza aibu.

Rodgers hakujua lolote kati ya hayo. Aliamini nilichomwambia, akafanya kazi yake kwa uaminifu.

“Kama ungekuwa unaenda mara moja kwa miezi mitatu ningekuambia ununue tu za lami, ukifika kwa mawe utembee polepole,” akasema. “Lakini kila wikendi? Hapo A/T ni haki yako.”

Akanishusha chini mpaka nikachuchumaa kama yeye. Akanionyesha meno ya tairi, yana nafasi ya kutema matope lakini si makubwa ya kuvuma kwenye lami. Akanibonyezesha kidole kwenye mbavu zake nisikie zilivyo nene, maana miiba ya kwetu hutoboa ubavuni. Akanisomea zile namba nne za wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa, na moja iliyokuwa imekaa stoo sana akaikataa mwenyewe.

“Ukifika kwa mchanga, toa upepo kidogo, halafu uvuke bila kusimama,” akasema alipomaliza kufunga. “Na mama atafurahi. Siku hizi watu wa kwenda nyumbani kila wikendi ni wachache.”

Nikakohoa. Nilitamani kumwambia, lakini nikalipa nikaondoka.

Jumamosi nilitoka mapema nimenyoa ndevu. Nyuma ya gari niliweka begi lenye nguo za kulalia na shati la kanisani, maana niliwaza Nduku akikubali, nitalala, na Jumapili tutaenda ibada pamoja watu watuone. Tairi zilikuwa nzuri, lazima niseme. Kwenye lami hazikuvuma, kwenye mawe hazikuyumba. Mtoni nilisimama, nikapiga magoti na kipimo changu cha upepo, nikaanza kutoa upepo wa gurudumu la kwanza kama nilivyoelekezwa. Nilikuwa najisikia dereva hasa.

Gari ya Probox ikanipita. Ilikuwa imejaa watu, na mbuzi nyuma, tairi zimeisha hadi zinang'aa. Ikashuka mtoni, ikavuka, ikapanda ng'ambo bila hata kupunguza mwendo. Malori ya mchanga yalikuwa yameshindilia njia siku nyingi. Ikafuata nduthi, pikipiki ya kubeba watu, abiria wake mama aliyekumbatia kreti ya mayai. Nao wakavuka. Dereva wa nduthi alinipungia mkono, nami nikampungia na kipimo changu.

Nilimkuta Nduku barazani akichambua ndengu na jirani ambaye sikumfahamu. Alikuwa amekonda kidogo, na nywele zimeanza mvi mbele. Yule jirani ndiye aliyenisalimu kwanza.

“Uvoo waku?”

“Nĩ museo,” nikajibu.

Akamgeukia Nduku na kumuuliza kwa Kikamba huyu mgeni ni nani.

“Ni Baba Mwelu,” Nduku akasema.

Mwelu ni binti yetu, ameolewa Voi. Jirani akanitazama tena, akatazama ndengu, kisha akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa maji.

Nduku akaingia ndani, akatoka na kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa. Nikasogea kumpokea. “Keti,” akasema. “Umetoka mbali.” Akanimiminia maji ya kunawa. Akaleta chai ya maziwa na mayai ya kuchemsha kwenye sahani ambayo sikuwahi kuiona. Mlango wa jikoni ulikuwa umepakwa rangi ya buluu. Kulikuwa na tangi jipya la maji. Nilitaka kuuliza ni nani aliyepaka na ni nani aliyepandisha tangi, nikaona sina ruhusa.

Nikapiga moyo konde. “Mama Mwelu, nastaafu Desemba. Nataka kurudi nyumbani, nikae na wewe. Kama unanitaka.”

Akaendelea kuchambua. “Nyumba uliijenga, siwezi kukufungia mlango.”

“Sijauliza nyumba.”

“Najua hujauliza nyumba.” Akatupa jiwe dogo uani. “Na barabara?”

“Niko na tairi mpya,” nikasema.

Akaacha kuchambua, akaitazama gari. “Kwa hivyo ulikuwa umekosa tairi tu.”

Nikamenya yai.

“Pasta anakuja hapa na Probox iko na tairi kama yai,” akasema, bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira. “Huyo jirani Mueni uliyemkuta hapa anaenda soko na nduthi kila siku. Nilikuwa naketi hapa jioni, Ijumaa, naona wote wakipita. Ungeniambia tu hutaki kuja. Ningelia, nimalize.”

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ningesema nilizoea upweke kisha ukanishinda. Ningesema niliona aibu, na kwamba hakuna siku sikumkumbuka. Maneno yote nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu Machakos. Nikafungua kinywa, nikamwambia tairi hizi zina mbavu ngumu, haziogopi miiba.

“Ni nzuri,” akasema.

“Na Desemba?”

“Wacha nifikirie, Baba Mwelu.”

Tukakaa. Alinieleza habari za mvua, za ndengu za jirani zilizoliwa na panya, za mtoto wa Mwelu aliyeanza kutembea. Nilicheka palipostahili kuchekwa. Kwa dakika kama kumi nilikuwa mtu mwenye mke. Kisha saa tisa hivi akainuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa ndengu na trei ya mayai, na leso safi mabegani.

“Twende nikusindikize,” akasema.

Sikuwa nimesema naondoka. Begi langu lilikuwa bado nyuma ya gari, na aliliona alipoweka mayai kando yake. Akafunga mlango taratibu.

Kwetu mgeni husindikizwa. Mtu wa nyumbani akitoka, wenzake huendelea na kazi zao, hata kichwa hawainui. Nduku aliniambia nitangulie na gari polepole, naye akatembea kando ya dirisha langu, mkono juu ya mlango, hadi nje ya lango, hadi kwenye mchongoma, hadi pale njia yetu inapokutana na barabara, mahali ambapo mwenyeji humuaga mgeni na kurudi. Hapo akanipa mkono.

“Karibu tena,” akasema.

Nikamwambia asante.