Safu ya Rangi ya Maziwa

Mtu akikuambia mtaa umekufa, muulize kwanza mara ya mwisho alinunua nini pale. Hivyo ndivyo Mama Bluu alivyowajibu watu tangu jumba jipya la maduka lilipofunguliwa kwenye barabara ya mchepuko, nje ya mji. Wengi walicheka, wakanunua zipu moja kwa aibu, wakaenda zao huko huko kwenye jumba kununua mengine.

Yeye aliuza vifungo, nyuzi, zipu na lesi katika safu ya zamani katikati ya mji: jengo refu la paa moja na baraza moja, maduka yamepangana bega kwa bega, kila moja na mlango wake wa bati wa kukunja. Zamani asubuhi ungesikia mabati yakipandishwa kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, kelele tupu, ukajua mji umeamka. Sasa mengine yalipanda na mengine yalikaa chini siku nzima yakila kutu. Mtaro ulikuwa umeziba, taa za baraza zimeungua, na mbele ya maduka yaliyofungwa watu walikuwa wameanza kutupa taka kana kwamba wameruhusiwa.

Mwenye jengo alikuja jioni moja akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa mzee mwenye adabu, na habari mbaya ya mtu mwenye adabu huwa inachelewa kufika. Aliuliza hali, akauliza watoto, akaulizia mpaka bei ya uzi, ndipo akasema.

"Mama, nimepata mnunuzi. Anataka kubomoa, aweke maegesho ya magari."

"Maegesho!" Mama Bluu alidakia. "Mzee, maduka ukishayavunja, hao watu wataegesha waende wapi?"

Mzee alitabasamu, lakini hakucheka. "Paa linavuja, nusu ya maduka ni matupu, na mimi nimechoka. Haya, nisikilize. Mkiyajaza yote kabla mvua hazijaanza, siuzi. Likibaki hata moja tupu, nauza. Nisije nikalaumiwa."

"Hulaumiwi," alisema Mama Bluu. "Tutayajaza."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko imani yake. Lakini alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye maduka, cheo alichopewa kwa sababu wengine wote walikikimbia, na mwenyekiti hawezi kulia mbele ya mwenye jengo. Alisubiri mzee aondoke, akalia kidogo nyuma ya mabunda ya lesi, akanawa uso.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa wa kwanza kuihama safu. Alihamishia magauni yake ya harusi kule kwenye jumba jipya, kwenye ngazi zinazotembea zenyewe, na tangu siku hiyo kila akipiga simu ilikuwa wimbo ule ule.

"Wifi yangu, utazeekea kwenye mabati hayo."

"Nimeshazeeka. Mabati hayana kosa."

"Pembeni yangu kuna kibanda kitamu kabisa. Nimekuombea wakushikie. Weka akiba yako hapo, uje upumue hewa ya baridi."

Akiba hiyo alikuwa nayo kweli. Aliiweka kidogo kidogo kwa miaka, kwa ajili ya siku ya kukimbia, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiiita hivyo. Wifi alijua. Wifi hukosa kujua nini?

Basi kazi ikaanza. Kinyozi, mtu mrefu mwenye maneno mengi, alivaa mabuti akaingia mtaroni na koleo, akatoa matope na viatu visivyo na wenzao. Muuza viatu alidai vile viatu havikutoka kwake. Fundi umeme alirudisha taa za baraza. Walifagia mbele ya maduka yao na mbele ya yale yaliyofungwa, kwa zamu, na aliyetega zamu yake alitajwa jina mbele ya wateja. Dawa hiyo ilifanya kazi kuliko faini yoyote.

Kisha Mama Bluu akaleta picha. Ilikuwa kwenye kalenda ya muuza rangi: mtaa mrefu wa maduka, yote rangi moja ya maziwa, safi, umetulia, kila kitu kimenyooka. "Mji wa heshima unafanana hivi," aliwaambia. "Sisi hapa tunaonekana kama kanga zilizoanikwa." Wakakubali wote, hata kinyozi, ambaye kukubali si desturi yake. Wakachanga, wakanunua ndoo, wakashika brashi na rola, wakafunika kila kitu, milango, nguzo na kuta, kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho. Ikapendeza! Watu walisimama kupiga picha. Mwenye jengo alipita na gari, akapunguza mwendo. Usiku ule Mama Bluu alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Wateja wakapungua.

Mwanzoni walisema ni jua. Kisha wakasema ni mwisho wa mwezi, halafu mwezi ulipoanza wakasema ni mwanzo wa mwezi. Kinyozi alianza kunong'ona habari za husuda. Mama Bluu yeye alilaumu jumba jipya, akafagia zaidi, akapanga vifungo upya kwa ukubwa, na bado mlango ulibaki unatazama barabara tu.

Asubuhi moja aliingia mwanamume mzito, akamsalimia, akavua kofia, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja na kufumba macho.

"Punguza pembeni tu," akasema. "Juu usiguse."

Mama Bluu alisimama na mkasi wa kukatia lesi mkononi. "Baba, unataka nipunguze nini?"

Yule bwana alifumbua macho, akaona zipu, akaona nyuzi, akainuka mbio nusura aangushe kigoda. "Samahani, mama! Nilikuwa natafuta la kijani. Nimepita mara mbili, silioni. Nikakuona na mkasi, nikadhani ndipo hapa." Akatazama nje, akatikisa kichwa. "Na dada yangu jana kaja kutafuta vifungo, kalikosa la bluu, karudi nyumbani analaani."

Hapo ndipo ilipomwingia, na ilimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Katika mji ule hakuna aliyesoma vibao vya maduka. Vibao vilikuwa vimefifia siku nyingi, na vyote viliandikwa maneno yale yale, bidhaa bora, karibuni wote. Watu walielekezana kwa rangi. Ukishuka, vuka, la njano ndilo la viatu, la kijani kinyozi, la bluu utapata vifungo. Bibi alimwelekeza binti, binti akamwelekeza jirani. Hata wao wenyewe waliitana kwa rangi: kinyozi alikuwa Kijani, muuza viatu Bwana Njano, na yeye je? Yeye alikuwa Mama Bluu, jina alilolivaa tangu alipoolewa akaletwa dukani, na kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amelipaka maziwa. Lakini wao walifika kazini kila siku miguu ikiwapeleka yenyewe. Hawakuwahi kulitafuta duka lao. Nyani haoni kundule.

Aliwaita wote barazani mchana huo huo. Hakuzungusha maneno.

"Nimekosea," alisema. "Wateja hawakutukimbia. Wanatutafuta, hawatuoni. Nimewaficha mimi."

Kinyozi akashika kichwa, akaanza kucheka mpaka akaegemea nguzo. "Jamani! Mwenye jina la rangi ndiye katuzika kwenye maziwa!"

"Cheka umalize," alisema Mama Bluu, naye anacheka, machozi yakimlenga, maana ilimuuma. "Ukimaliza kachukue brashi."

"Na rangi tutatoa wapi? Zile tulizochangia si ndizo hizi ukutani?"

"Kila mtu atafute kopo la mlango wake. Tusipake safu yote. Mlango na nguzo zako mbili, basi."

Walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini wakapaka. Bluu ikarudi, kijani ikarudi, njano ikarudi kali kuliko zamani kwa sababu Bwana Njano alikosa ile yake akanunua iliyopatikana. Walipofika kwenye maduka matupu, ubishi ukazuka. Hili lilikuwa jekundu. Hapana, lilikuwa la kahawia. Wewe ulikuwa hujahamia hapa. Mama Bluu aliwasikiliza mpaka akachoka.

"Yaacheni hivyo hivyo," akasema. "Yakae na rangi ya maziwa. Mtu akiuliza mbona haya hayana rangi, mwambieni yanamsubiri mwenyewe. Akija, achague rangi yake, mradi isiwe ya mtu mwingine."

Neno hilo lilisafiri kuliko tangazo lolote. Katika mji ule kupewa rangi ni kupewa jina, na nani hataki jina? Fundi wa simu alikuja akachukua nyekundu. Siku ya pili akaja muuza miwani naye akitaka nyekundu, wakatoleana maneno barazani mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu ili asikose uhondo. Muuza miwani akaridhika na rangi ya chungwa, na leo ukimwambia aliitaka nyekundu anakataa. Mama mmoja wa vitabu vya shule akachukua kahawia. Wateja wa zamani walirudi wakiwafokea, "Mlikuwa wapi?" kana kwamba safu nzima ilisafiri bila kuaga. Kila jioni Mama Bluu alisimama ng'ambo ya barabara akitazama milango ya maziwa ikipungua, na kila jioni alitazama mbingu pia.

Ukabaki mmoja. Wa mwisho kabisa, uliokuwa wa studio ya picha, ndipo paa lilipovuja zaidi. Watu walikuja, wakachungulia, wakaona doa la maji darini na ukungu ukutani, wakashukuru kwa upole. Mama Bluu alimpigia hata wifi yake.

"Rudi nyumbani. Chagua rangi unayotaka."

"Wifi, nakupenda, lakini siwekei magauni meupe chini ya paa linalovuja. Na wewe unijibu. Kibanda wanakitoa kwa mtu mwingine kesho. Ndiyo au siyo?"

"Nitakujibu kesho."

Kesho yake mawingu yalikuwa yamekaa chini chini, na mwenye jengo alikuja kwa miguu. Alitembea baraza yote polepole, akiitikia salamu za wapangaji asiowajua. Alifurahi, ilionekana. Kisha akafika mwisho wa safu, akasimama mbele ya mlango wa maziwa, na uso wake ukaingia huzuni ya kweli.

"Mmejitahidi, mama. Wallahi mmejitahidi. Lakini tulikubaliana yote." Akatoa simu mfukoni. "Yule bwana anasubiri jibu langu."

Kinyozi aliacha wembe wake, akaja kusimama nyuma ya Mama Bluu.

Mama Bluu aliutazama ule mlango. Alikuwa na hofu, hofu hasa. Aliifikiria hewa ya baridi ya kule kwenye jumba, na kigoda kipya, na uzee usio na mtaro wa kuzibua. Mtu mwenye akili angesema tumefanya tuliloweza, Mungu ni mkubwa, akapeana mikono.

"Si tupu hilo," alisema. "Limechukuliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mzee alimgeukia. "Una duka tayari."

"Sasa nina mawili. Kodi nitakulipa leo kwa akiba yangu, ya kutosha kukutoa wasiwasi. Na paa utaziba wewe, maana sasa lina mpangaji."

Alichukua simu yake mwenyewe, akampigia wifi pale pale mbele ya watu. "Wifi? Jibu ni siyo. Ndiyo, nimefikiri. Usilie, wewe, nani kafa?" Akakata.

"Mama," alisema mwenye jengo taratibu, kama anavyosemeshwa mtu aliye juu ya paa, "humu ndani utauza nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui bado. Lakini kesho asubuhi bati hili litapanda pamoja na mengine."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya bati, kisha la pili, na watu barazani wakasogea ndani bila kumwondolea mzee macho. Hatimaye akainua simu yake sikioni.

"Hapana, bwana," akasema. "Usije. Limejaa."